Kofia na Fuvu: Paa la Land Rover Kati ya Nachingwea na Ruangwa

Wapenzi wa magari ya spoti, yale ya viti viwili na boneti ndefu, wana ubishi wao usiokwisha: gari lililochorwa na paa, ukiliondolea paa hilo, sura yake imeharibika au imepata uhai? Kwa mtu wa Nachingwea au Ruangwa, mkoani Lindi, ubishi huo unaweza kuonekana wa watu wenye nafasi. Huku gari husifiwa kwa kufika. Lakini kazi yenyewe ya kuondoa paa tunaijua pengine kuliko wanaobishana. Land Rover iliyochoka kubeba abiria hupelekwa kwa fundi, sehemu ya juu ikatoka, na msimu wa ufuta au korosho ukiingia unaikuta barabarani ikiwa wazi, magunia yamepanda hadi usawa wa kichwa cha dereva. Hakuna anayesimama kuuliza kama imependeza. Mimi nasimama, kwa sababu naamini Land Rover hizi zinalijibu swali la magari ya spoti kwa uwazi ambao magari ya spoti yenyewe hayana. Na jibu lake si moja. Katika ukoo huo huo mmoja lipo gari ambalo paa likitoka linapendeza zaidi, na lipo ambalo paa likitoka ni hasara tupu.

Nachingwea na Land Rover ni rika moja. Mradi wa karanga wa serikali ya Uingereza ulianza Tanganyika mwaka 1947 katika maeneo matatu, Kongwa, Urambo na Nachingwea, kwa sababu Uingereza ilikuwa imetoka vitani ikiwa haina mafuta ya kula ya kutosha. Mwaka uliofuata, tarehe 30 Aprili 1948, kampuni ya Rover ilionyesha Land Rover ya kwanza katika maonyesho ya magari ya Amsterdam. Nayo ilizaliwa na uhaba. Chuma kilikuwa kwa mgao, hivyo mhandisi Maurice Wilks na wenzake wakalivisha gari lao bodi ya aluminiamu iliyochanganywa, wakaikunja kwa njia rahisi, bila mashine kubwa za kubonyeza bati. Hata kijani cha magari ya mwanzo kilitokana na rangi iliyobaki ya ndege za kivita. Mradi wa karanga ulifutwa mwaka 1951 baada ya kumeza mamilioni ya pauni, na reli iliyofika Nachingwea kutoka pwani mwaka 1949 iling'olewa mapema miaka ya 1960. Gari likabaki. Ubapa wa bodi yake ambao leo tunauita sura ya kiume, sura ya kazi, ulikuwa kwanza hesabu ya watu wasio na chuma.

Itazame ile fupi ya mwanzo ukiwa ubavuni. Kutoka katikati ya gurudumu la mbele hadi la nyuma ni inchi 80, kama mita mbili na kidogo. Magurudumu yamesogezwa karibu na pembe za gari, hakuna mkia mrefu unaoning'inia nyuma. Juu ya magurudumu kuna mstari mmoja ulionyooka unaoanza kwenye boneti, unashuka kidogo kwenye milango, kisha unaendelea juu ya ubavu wa nyuma hadi mwisho. Mstari huo, ambao nitauita kiuno, umepigwa ukanda wa chuma kilichopakwa zinki, usiopakwa rangi ya bodi, kwa hiyo unang'aa kwa kijivu juu ya kijani. Hapo ndipo gari linapoishia. Chochote kilicho juu ya ukanda huo kimewekwa baadaye na kimefungwa kwa boliti zinazoonekana: kioo cha mbele kina bawaba na kinaweza kulazwa juu ya boneti, sehemu za juu za milango zinang'oka, paa linatoka. Turubai likija, linatandazwa juu ya mabomba yaliyopindwa, na mabomba nayo yanachomoka. Mwanzoni kabisa hata milango na turubai vilihesabiwa kuwa nyongeza za kulipiwa, kabla kiwanda hakijaamua kuviuza pamoja na gari.

Kwa hiyo anayeiona Land Rover fupi isiyo na paa na kusema imekatwa, ameisoma kinyume. Ile yenye paa ndiyo iliyoongezwa. Umbo lilikamilika kwenye kiuno, na kioo cha mbele kilichosimama wima kinafanya kazi moja muhimu: kinaupa mstari ule wa ulalo kitu cha kuusimamisha, kabla haujateleza hadi mbele na kutoka nje ya gari. Baada ya hapo kilele cha umbo zima ni kichwa cha dereva. Ni gari la nadra ambalo mtu ni sehemu ya mchoro wake. Lipige picha likiwa tupu, limeegeshwa, utaona pengo. Mweke mtu kwenye usukani, pengo linafungika.

Hapa jua letu lina la kusema. Nachingwea iko nyuzi 10 na kitu kusini mwa ikweta, hivyo mara mbili kwa mwaka, katika Oktoba na tena katika Februari, jua la adhuhuri linapita utosini. Mwanga wa namna hiyo haulibembelezi gari lenye paa. Paa linang'aa peke yake, mbavu zinazama kwenye kivuli, na vioo vinageuka mashimo meusi; unaona kifuniko cheupe kinachoelea juu ya kitu cheusi. Gari la wazi chini ya jua hilo hilo linapata umbo la ndani. Migongo ya viti, mduara wa usukani, vijiti vya gia vilivyopangwa sakafuni, vyote vinatoka nje na kuhesabiwa. Nadhani hiki ndicho kiini cha suala lote, hata kwa magari ya spoti: ukiondoa paa, ndani inakuwa nje. Mchoraji aliyepanga ndani kama kitu cha kuonekana atanufaika. Aliyetegemea paa lifiche atafedheheka. Dashibodi ya Land Rover ya mwanzo ni bati na saa chache za kupimia zilizowekwa katikati, haina cha kuficha, na vumbi jekundu la kutoka Ruangwa likiitandazia tabaka, bado inabaki vile vile ilivyo.

Sasa tulipeleke swali kwa wenye nalo. Mfano ninaoupenda ni wa Toyota, jina ambalo msomaji wa Lindi hahitaji kutambulishwa. Mwaka 1967 kampuni hiyo, ikishirikiana na Yamaha, ilianza kuuza 2000GT, gari la spoti la chini mno, urefu wake kwenda juu ni sentimita 116 tu. Mtu mzima akisimama kando yake linamfika kifuani au chini ya hapo. Yalitengenezwa 351 hadi mwaka 1970. Kabla hata mauzo hayajaanza, watengenezaji wa filamu ya James Bond iliyopigwa Japani walilitaka, lakini nyota wao, Sean Connery, alikuwa na mita 1.88 na hakuenea. Zikatengenezwa mbili zisizo na paa kwa ajili ya filamu tu. Hazikuwa na turubai la kweli la kufunika.

Watu wengi huziita zile mbili nzuri kuliko zenye paa. Sikubali, na sababu yangu iko kwenye mstari. Katika 2000GT ya kawaida, mstari wa juu unapanda taratibu kutoka kwenye pua, unapita juu ya taa, unapinda juu ya kioo cha mbele, kisha unashuka bila kusita hadi kwenye mkia. Mstari huo wa kushuka ndio uliobeba gari. Kiuno chake kimepinda juu ya gurudumu la nyuma kwa sababu kinajua kwamba juu yake kuna paa linalokuja kukutana nacho. Ondoa paa, ile nyonga ya nyuma inainuka kungojea kitu kisichofika. Ukilitazama kwa mbele, la wazi linavutia kweli, tena sana. Ukilitazama ubavuni, sentensi imekatwa kabla ya kitenzi. Tofauti yake na Land Rover naweza kuisema hivi: paa la Land Rover fupi ni kofia, paa la 2000GT ni fuvu. Anayevua kofia na anayefungua fuvu wote wameondoa kitu cha kichwani, lakini hawajafanya kazi moja.

Porsche walilijua hilo mapema. Walipotaka kuifungua 911 yao, mwaka 1965 walionyesha Targa, ambayo sehemu ya paa juu ya abiria inatolewa lakini nyuma yake unabaki upinde mpana wa chuma unaong'aa, umesimama kama ulivyo. Wasiwasi wao ulikuwa wa usalama, hasa soko la Marekani, ambako kulikuwa na hofu kwamba magari ya wazi yangepigwa marufuku. Faida ikaenda kwenye umbo: upinde ule unalinda mahali paa lilipokuwa linageukia kushuka. Jicho linamalizia lenyewe kilichobaki. Ninaiheshimu Targa kuliko gari lolote la spoti lililowahi kufunguliwa, kwa sababu inakiri kwamba kitu kimetoka na inaonyesha kilikuwa wapi. Mazda MX-5 ya mwaka 1989 haimo katika mjadala huu. Yenyewe ilichorwa wazi toka siku ya kwanza, kofia yake ni kofia.

Wahakiki wa magari hupenda kuuacha upande wa uzito na nguvu kwa mafundi, eti umbo ni jambo la macho. Huku kwetu macho na barabara haviachani. Land Rover ya zamani inakaa juu ya chesisi ya ngazi, mihimili miwili mirefu ya chuma iliyounganishwa kwa mingine ya kukingama. Chesisi ndiyo inayobeba kila kitu, bodi imekaa juu yake tu. Ndiyo maana paa linaweza kutoka na gari likapita kwenye korongo bila kujipinda kuliko lilivyokuwa. Magari mengi ya leo, Noah na Probox zikiwemo, hayana chesisi ya namna hiyo. Bati la sakafu, nguzo za milango na paa vimechomelewa pamoja kuwa kitu kimoja, na paa ni sehemu ya uti. Likate paa la Noah, ipitishe barabara ya vumbi yenye makunyanzi, na milango itaanza kukataa kufunga. Ule uwazi mwembamba kati ya mlango na bodi, ambao mchoraji aliupima uwe sawa juu hadi chini, utapanuka upande mmoja na kubana upande mwingine. Kwa hiyo gari lililofunguliwa fuvu haliishii kuharibika siku ya grainda. Linaendelea kuharibika kila safari, na uharibifu unaandikwa kwenye mistari yake, mtu yeyote anaweza kuusoma.

Nimesema ukoo wa Land Rover una majibu mawili. Jibu la pili ni 109 ya milango mitano, ile ndefu iliyobeba abiria, wagonjwa, walimu na maofisa wa serikali kusini yote. Kutoka gurudumu hadi gurudumu ni inchi 109, na nyuma ya gurudumu la mwisho bodi inaendelea tena kwa kipande kirefu. Mwaka 1958, toleo la pili lilipotoka, mchoraji David Bache aliipa bodi bega: ubavu unatuna kidogo chini ya kiuno, kisha unarudi ndani. Kwenye gari fupi bega hilo linatosha. Kwenye gari refu halitoshi, kwa sababu mstari wa kiuno umekuwa mrefu mno na umekatwakatwa na milango miwili kila upande. Kinachoushikilia ni paa. Paa la 109 ni refu, bapa, lenye vidirisha vyembamba vya kupinda kwenye kingo zake, na linaenda sambamba na kiuno kutoka mbele hadi nyuma. Mistari miwili inayolingana, na kati yake vioo vilivyopangwa kwa mwendo mmoja. Hapo paa limeacha kuwa kofia. Limekuwa nusu ya umbo.

Na gari lenyewe linakuambia. Kwenye pick-up au ile fupi unafungua boliti na sehemu yote ya juu inanyanyuliwa na watu wanne. Kwenye ya milango mitano, nguzo za katikati, zile zinazobeba mlango wa mbele na wa nyuma, zinapanda moja kwa moja hadi darini. Toa paa, zinabaki zimesimama bila cha kushika. Hapo fundi analazimika kuwasha grainda, na akishakata, kinachobaki ni sinia refu lenye milango mifupi ambayo haina sababu ya kuwa milango. Nimeziona zikipakia mbaazi. Kazi zinafanya, sibishi. Sura hazina.

Mradi wa karanga nao uliwahi kutoa funzo la ukataji wa aina hii. Kiwanda cha Vickers kilichukua vifaru vya Sherman vilivyobaki baada ya vita, kikaondoa mnara wa mzinga na sehemu ya juu ya bodi, kikaunda trekta lililoitwa Shervick kwa ajili ya kung'oa visiki Tanganyika. Ukiitazama picha yake unaona chini pana ya minyororo iliyochorwa kubeba tani nyingi za chuma ambazo hazipo tena, na juu yake dereva mmoja amekaa hewani. Kila kipimo cha chini kinamkumbuka aliyeondoka.

Kuna paa moja ninalolitetea hata kwenye Land Rover fupi, nalo ni paa la nchi za joto. Ni mapaa mawili, moja juu ya jingine, yameachiwa nafasi katikati ili upepo upite na bati la juu lipokee jua peke yake. Lilichorwa kwa ajili ya mazingira kama yetu na linafanya kazi. Kwa macho, ule mwanya unatia mstari mwembamba wa kivuli chini ya bati la juu, na paa ambalo lingekuwa zito linaonekana limepumzika tu pale. Kofia hiyo, mtu akiivaa, simwambii avue.

Kaskazini ya hapa, kupita Liwale, kuna Pori la Akiba la Selous, ambalo sehemu yake ilifanywa Hifadhi ya Taifa ya Nyerere mwaka 2019. Magari mengi ya watalii huko hayana milango wala vioo vya pembeni. Viti vimepandishwa ngazi kwa ngazi, na juu kuna turubai kwenye nguzo nyembamba. Arusha wanafanya vingine: bati la Land Cruiser linakatwa katikati na kipande kinanyanyuka juu ya vyuma vifupi, watalii wanasimama na kuchungulia. Kwa umbo, nawapa ushindi watu wa kusini. Gari lao limekubali kuwa wazi, na turubai lake halijifanyi bodi. Lile la Arusha linaposafiri limefungwa ni gari la kawaida, na likifunguka linaonekana limepata ajali ya heshima.

Msafara wa kampeni ukipita Ruangwa unaona jambo hilo hilo kwa sura nyingine. Mgombea anatokea kwenye tundu la paa la Land Cruiser, kiwiliwili kiko juu, miguu haijulikani iko wapi, mikono imeegemea bati. Umati unafurahi, na gari jeusi la gharama limegeuzwa meza. Mlinganishe na gari la wazi la gwaride, lile ambalo Amiri Jeshi Mkuu hukagulia vikosi: mtu amesimama mzima, ana bomba la kushikia, na kiuno cha gari kinapita chini ya mkono wake kwa mstari ulionyooka. Pale gari na mtu vinasomeka kwa pamoja. Nachingwea, mji ulioishi na askari tangu FRELIMO, wapigania uhuru wa Msumbiji, walipofungua kambi yao ya mafunzo mwaka 1965, haihitaji kuelezwa kwa nini jeshi hulipenda gari lisilo na paa: unaona pande zote na unaruka chini upesi. Sura nzuri ilikuja bila kualikwa.

Kiwanda kilifunga uzalishaji wa Land Rover ya mtindo wa zamani, iliyokuwa ikiitwa Defender, tarehe 29 Januari 2016. Defender mpya iliyoonyeshwa Frankfurt Septemba 2019 haina chesisi ya ngazi. Bodi yake ya aluminiamu ndiyo chesisi, na paa ni sehemu ya nguvu yake. Kwa hiyo zile zinazoweza kuvuliwa na kuvishwa tena haziongezeki, na nyingine ziko Nachingwea na Ruangwa chini ya mikorosho na nyuma ya gereji, zikingoja kuamuliwa. Mwenye nayo na asome kwanza. Kama ni fupi au pick-up, mwambie fundi aache grainda, achukue spana, afungue boliti na kuziweka kwenye kopo, na paa lilazwe ghalani, kwa kuwa masika yakija utalitaka. Kama ni 109 ya milango mitano, iache na paa lake, magunia yatafute gari lingine.